Matone Ishirini

Kucha zangu si zangu, ni za wodi.
Kila Jumatatu msimamizi huvigeuza vidole vyangu
kama mnunuzi wa nyanya katika soko la Arua,
na ukucha uliochomoza hukatwa papo hapo.

Nilipomwambia Ezati, alijikuna kichwa.
Alijifunza gita seminarini
kabla ya kuuacha upadri na kushika randa.
Ningeweza kumzaa.
"Basi," akasema, "tutaitafuta sauti kwenye nyama."

Mguu wa kushoto juu ya kopo la rangi,
gita pajani, vumbi la mbao puani.
"Gumba likae nyuma. Usiikabe shingo, haijaiba kitu."
Naikaba.
Ananigonga kiwiko kwa penseli.
Shahada, kati. Shahada, kati.
Uzi wa tatu unakoroma
kama mzee wa kitanda cha tisa.

Miezi minne nilikimbia.
Nilitaka wimbo, nikapewa ngazi;
nilipanda vidato vinne, nikateleza cha tano,
nikashuka, nikapanda kwa mbio zaidi.
"Dada Candiru, nani anakufukuza?"

Sikuwa na jibu,
hadi usiku ule wa zamu: umeme umekatika,
jenereta linakohoa na kunyamaza,
mtoto wa malaria, dripu yake mbele yangu,
tochi ya simu nimeiuma menoni.
Tone.
Tone.
Ishirini kwa dakika;
ukizidisha unamzamisha, ukipunguza unamkausha.
Saa nzima nilihesabu, sikuharakisha hata moja,
na vidole vya kulia, bila kutumwa,
vikaanza kutembea kwenye chuma cha kitanda,
shahada kwa tone, kati kwa tone.
Mama yake akaniuliza, "Unaandika nini, nesi?"

Jumamosi niliipanda ngazi ileile
polepole, hata Ezati akatoka kukoroga gundi,
akarudi, akanikuta njiani.
Kidato cha tano kilipita.
Sikukisikia kikipita.
"Rudia," akasema, na hakutabasamu.

Bado sijui kucheza.
Kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita
kunaniuma hadi begani, na wimbo uko mbali,
ng'ambo ya mito nisiyoijua majina.

Ila ncha za mkono wa kushoto zimeota sugu.
Ndizo nilizokuwa nikipapasia mshipa wa mgonjwa;
sasa siupati,
natumia mkono wa kulia, kama mwanafunzi.

Hilo sijamwambia msimamizi.