Nafasi

Hombolo, mwezi wa saba. Upepo unachapa mabati
na vumbi linajipenyeza hadi katikati ya herufi za kibodi.
Mimi Malogo, mtu wa rula na kamba,
miaka kumi na tisa napima kimo cha mtama,
nahesabu kiduha, gugu lenye ua jekundu,
zuri, jizi,
leo nimekalishwa mbele ya kioo
nijifunze kuiamuru mashine kwa maandishi.

Mwalimu wangu Sechelela ana umri wa binti yangu.
"Baba Nyemo, hii haijui 'si unajua tu'.
Haina ujirani. Iambie yote."
Nikaandika: fungua faili. Soma mstari.
Kwa kila mbegu, tafuta mfuatano huu; ukiuona, hesabu.
Nikabonyeza.

Kosa, mstari wa saba.

Nimesahau nukta pacha.
Mke wangu amenisamehe makubwa kuliko hayo.

Vinasaba vyenyewe ni herufi nne,
A na T, G na C, kurasa kwa kurasa,
hakuna aya, hakuna kituo,
kama barua ya mtu aliyeandika bila kupumua.
Umeme ukakatika. Tukala ugali wa uwele na mlenda
huku betri ikitafuna asilimia zake.

Saa kumi jioni programu ikakubali.
Mbegu mia moja na kumi na mbili ziliingia,
zikatoka mia moja na kumi na moja.

Iliyopotea ni ya arobaini na moja, ya mama mdogo, kule Mvumi.
Jina lipo! Nalisoma kwa macho yangu,
mashine inasema halipo.
Sechelela akasogeza mshale hadi mwisho wa jina,
akacheka kwa adabu:
"Hapa uligusa nafasi. Kwako ni utupu. Kwake ni herufi."

Nafasi.
Neno hili tunafahamiana.
Lilibandikwa getini siku nilipofika hapa kijana,
HAKUNA NAFASI, wino mwekundu,
nikaingia kwa mlango wa vibarua, kufukuza kweleakwelea.
Kumbe moja ilikuwepo,
nimeitia mwenyewe kwa kidole gumba,
na kazi yangu leo ni kuifuta.

Nikaifuta. Mia moja na kumi na mbili.

Sitadanganya kwamba mtama ule ulileta ajabu.
Una alama chache za ukinzani, umezidiwa na wengi.
Ila umehesabiwa.

Kabla ya kufunga, Sechelela akanionyesha jambo la mwisho:
mstari ukianza na alama ya reli, mashine huuruka,
huo ni wa kusomwa na watu.
Nikafikiri kidogo, vumbi likigonga dirisha,
nikaandika kwa kidole kimoja, polepole, juu kabisa:

# mbegu na. 41 ilitunzwa kwenye moshi wa jiko la Yudita, Mvumi,
# mwaka ambao wengine walikula mbegu zao.