Sahihi ya Msimamizi

Fomu ina mistari miwili.
Wa kwanza nimeujaza: Somoe Nampunga, tasnifu ya utunzi.
Wa pili mtupu, na chini yake
kwa herufi ndogo kama sisimizi:
sahihi ya msimamizi.
Mwisho Ijumaa, saa tisa na nusu.

Dakta Hokororo ana wanafunzi kumi na wanne.
Ananihesabia kwa vidole,
vikimwishia anahamia kwenye kalamu za mezani.
"Ungekuja mwezi wa sita."
Mwezi wa sita nilikuwa hapa,
benchi hilihili lenye msumari uliochomoza;
sketi yangu ni shahidi.

Dakta Chilumba anauliza nadharia.
Namwambia ni diwani, kurasa sitini,
mama yangu na korosho.
"Sawa, lakini yamesimama juu ya nini?"
Nikayatazama yaliposimama:
juu ya meza yake,
kati ya chupa ya chai na ratiba ya vikao.

Profesa Mnali yuko likizo.
Profesa Mnali yuko Dodoma.
Profesa Mnali, anasema karani,
hayupo hata akiwepo.

Kwetu Nanguruwe mwali hatafuti somo.
Anaamka siku moja, somo keshapatikana,
mama na shangazi wameshanong'onezana jikoni,
na huyo atakayemfunda
anajua mpaka anavyokoroma.
Hapa mjini mwali ndiye anayepiga hodi
mlango kwa mlango, bahasha kwapani:
nichezeni, jamani, ada nimeshalipa.

Jumatano karani alinihurumia. Akanielekeza juu,
chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu.
Dakta Fidea Likwata hana kibao mlangoni.
Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha.
Akanawa, akajifuta, akasoma amesimama,
kurasa zote sitini, mimi nikiwa palepale,
nikihesabu mbao za dari zilizong'oka. Saba.

Kisha akasema:
"Umeandika 'mikono ya mama' mara kumi na moja.
Mara zote kumi na moja
sikuungua."

Nilitafuta jibu kali. Halikuja.
"Kabla ya kubangua anajipaka nini?"
Majivu, nikasema.
"Yako ukurasa wa ngapi?"
Tukanyamaza wote, mimi na kurasa zangu.
Kalamu hakuigusa.

Alhamisi nikaenda nyumbani.
Sikumwambia mama nimefuata nini;
nilikaa naye tu, moshi ukitutoa machozi,
yeye akigonga, ganda likitema,
mpaka akaanza mwenyewe kunisimulia
siku ya kitambulisho cha taifa:
weka kidole. Futa. Weka tena.
Kingine. Futa, mama, bonyeza.
Foleni nzima inamwangalia mgongo.
Yule kijana wa mashine akakuna kichwa:
"Huyu mama hana alama."
Miaka thelathini ya utomvu
imemlamba vidole vikawa kama sahani.
Mama alicheka anaposimulia,
akageuza kikaango, akauliza,
"Na hilo nalo mtu anasomea digrii?"

Niliandika usiku, ukurasa mmoja.
Neno mikono halimo.

Ijumaa, saa tisa kasorobo.
Dakta Likwata akaupokea amesimama.
Alipofika pale kwenye "bonyeza"
akavuta kiti kimoja kati ya vile vibovu,
akakaa taratibu, kama mtu anayekijaribu.
Akarudi juu, akaanza upya.

Sikuuliza. Alisaini bila kuniangalia,
wino ukakatika, akarudia juu yake,
sahihi ikawa na kovu.
Kisha akaligeuza shairi, akagonga chini kabisa kwa ukucha:
"Mstari wa mwisho umeuandika kwa ajili yangu.
Utoe."

Nimeutoa.