Herufi K

Mugalavai wa gazeti hakujua kuendesha.
Hilo nililijua mimi, mpanga herufi,
niliyeisoma safari yake kinyumenyume,
risasi kwa risasi,
katika kiwanda cha Dharamshi, Barabara ya River.

Sura ya kwanza motokaa inatoka Nairobi alfajiri.
Ya tatu, pancha Limuru, simba kalala njiani,
tairi likajazwa majani makavu, twende.
Ya saba, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa,
breki zimekatika
na K zangu zimekwisha.

"Fundi, motokaa haiwezi kusimama hapo!"
Basi andika gari, nikamwambia.
Akashika tama.
"Gari? Gari hata punda huvuta."

K nikazichomoa kwenye tangazo la kanga na kofia.
Dharamshi alinikata shilingi mbili.
Breki zikashika ukingoni kabisa
na wasomaji wa Alhamisi wakapumua.

Jumapili moja nilimkuta uani
ndani ya gari la Dharamshi,
milango imefungwa, injini kimya,
mikono yote miwili kwenye usukani,
anakata kona ambazo mimi peke yangu nilizitambua:
Limuru. Simba. Mteremko.

Sikugonga kioo.
Nilisimama na prufu zangu zenye wino mbichi
hadi afike Kisumu.

Kisha akashuka, akafunga kamba za viatu,
akaishika njia ya Pumwani kwa miguu,
akiinama kidogo
kila penye kona.