Orodha Imejaa

Trafiki wa Makongoro kaniandikia faini:
simu sikioni, usukani kiganja kimoja,
trei thelathini za mayai zikitetema nyuma.
"Mama, gari lina skrini, mbona huitumii?"
Sikumjibu. Nililipa.

Si kwamba sijui.
Nilishajaribu, uani kwetu Buswelu:
nikawasha bluetuthi, nikabonyeza Ongeza Simu,
gari likaniambia kwa adabu ya mgeni,
Orodha imejaa. Futa kifaa kimoja.

Vipo vitano.
Cha kwanza ni Kijapani,
njiti za kiberiti zilizomwagika.
Cha pili dalali wa bandarini, Bosi Mdogo.
Cha tatu fundi redio wa Mabatini,
alikuja kubadili lugha
akaacha jina lake humo kama mtu asahauye kofia.
Cha nne binamu yako Shigela,
aliyeazima Noah siku mbili
likarudi wiki ya pili, tangi kavu.
Cha tano, Luhende.

Kila alfajiri nikizungusha ufunguo,
kabla taa za dashibodi hazijazimika,
gari linakutafuta wewe kwanza.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Inatafuta Luhende.
Miezi kumi na minne, halijachoka.
Mimi nimechoka, nakiri;
kuna siku nimepita Nyakato nzima
nikiwaza bei ya pumba tu,
hadi kiduara kilipokata tamaa
kikaandika Hakipatikani,
nami nikaona haya mbele ya mashine.

Bila waya, wanasema.
Kana kwamba shida yetu ilikuwa waya.

Jana jioni wingu lilisimama upande wa Ukerewe,
ziwa likawa rangi ya sufuria kuukuu.
Nilikuwa garini, napiga hesabu za wiki.
Spika zikafanya tik.
Imeunganishwa: Luhende.

Kalamu ilianguka. Sikuiokota.

Kisha uwanja mzima ukashangilia,
filimbi, ngoma, goli,
ndani ya Noah linalonuka mayai,
na dirishani, nyuma ya pazia,
nikaona uso wa Maduhu umemulikwa kwa chini:
kaitoa simu yako kabatini,
kaichaji kwa siri, anacheza mpira.

Alipouliza mbona haina sauti
hakumuuliza mtu. Aliinua macho tu.
Tukatazamana, yeye na mimi,
na watu elfu wakiimba kati yetu.

Sikumgombeza.
Nilimfuta Shigela, kwa furaha isiyo ya kanisani.
Yule Mjapani nikamwacha,
huenda naye kuna anayemtafuta.
Zikaja tarakimu sita kwenye skrini,
sita hizo hizo kiganjani mwangu.
Zinafanana? Nikakubali.

Gari likauliza tena:
simu mbili zipo karibu, ipi itangulie?

Jumanne hoteli inataka trei arobaini.
Watanipigia njiani, najua.
Nikakaa na kidole hewani
mpaka tone la kwanza likagonga bati,
mpaka skrini, yenyewe, ikazima.