Kidole Gumba

Dakika tatu, alisema mwenyekiti wa bodi,
akabonyeza saa.
Nje, theluji ya Erie ilikuwa imeyameza magari yetu.

Sikuja na hotuba. Nilikuja na kitabu cha Byamungu,
darasa la tatu.
Palipoandikwa mwewe yeye husoma ndege,
na hupigiwa vema.
Mwanangu anasoma vizuri sana, nikawaambia,
mpaka niifunike picha kwa kidole gumba.
Hapo hunyamaza, akaangalia dari.
Amefunzwa hivyo: tazama picha, otea neno.

Mimi nilisomea kambini, chini ya turubai,
ba be bi bo bu,
mkaa juu ya ubao wa sanduku la sabuni,
na hakuna aliyeniambia niotee.

Nyuma yangu akasimama Nabintu,
akasimama mama Kowalczyk wa ghorofa ya chini,
na mzee mmoja nisiyemjua, bado na sare ya zamu ya usiku,
kila mmoja na kitabu wazi,
kidole gumba juu ya picha.

Saa ikalia.
Tutalitazama suala lenu, akasema mwenyekiti.

Nilikuwa nishaanza kuvaa koti.
Msilitazame, nikamjibu.
Lisomeni.