Kizingiti Kilicholala

Gethin anapima kwa morita yake, kidole gumba hadi shahada:
kutoka udongo hadi sakafu, asema,
sentimita kumi na tano, usiibe hata moja.
Tofali mbili zilale kati ya mvua na zulia.
Ndivyo alivyojenga baba yake, hapa Blaenau Ffestiniog,
ambako nusu ya milima ni sleti zilizokataliwa
na mvua haipigi hodi,
inaingia kama mdai.

Mimi nimeshika tepu, sina la kujibu
ila kiti cha magurudumu.

Mama anakuja Aprili.
Mguu wake wa kulia umebaki Tanga, hospitalini:
sukari ilikula kidole, ikala wayo,
ikaomba goti ikapewa.
Sentimita kumi na tano kwake ni Usambara nzima.

Basi shusha, nikamwambia.
Sakafu ikutane na njia uso kwa uso,
gurudumu lipite bila kujikwaa.
Akavua kofia, akaikamua, akaivaa tena.
"Atakapopita mama yako na maji yatapita.
Maji hayana haya."

Siku mbili tulibishania mlango ambao haujakuwepo.
Ya tatu alikuja na sururu, hakusema neno,
akachora mstari wa chokaa mbele ya uwazi,
mrefu kuliko mlango, pande zote mbili.

Hapo tukachimba mfereji, mwembamba kama kaburi la nyoka,
kokoto chini, bomba la kwenda bondeni,
juu wavu wa chuma ambao gurudumu litaukanyaga
likadhani ni ardhi.
Njia ya nje tukaiinamisha kidogo, iupe mlango kisogo:
tone la pima maji lilisogea upana wa unywele.
"Lisimame hapo," akasema Gethin,
kama anayeongea na mbwa.

Kisha karatasi nyeusi, ile nene ya plastiki.
Tuliitandika kabla ya zege, tukaipandisha ukutani,
tukaikunja pembeni kama unavyokunja mpira
chini ya shuka ya mtoto anayekojoa.
Katikati kila mtu ni fundi. Kona ndizo zinazokuumbua.
Kata, kunja, paka lami, bana,
subiri, na mvua nayo inasubiri,
imekaa juu ya kilima ikitutazama.

Jioni ile nilikanyaga.
Kijiwe kilichonasa kwenye soli ya buti,
tundu dogo, jicho la dagaa.
Hakuna aliyeona. Zege lilikuwa linakuja saa mbili asubuhi.
Nilikula, nikalala, nikageuka, nikageuka.
Saa saba ya usiku nilikuwa nimepiga magoti na tochi mdomoni,
nabandika kiraka juu ya kiraka,
naiomba radhi plastiki.

Chini ya kizingiti chenyewe Gethin alichomeka kipande cha sleti.
Sikukiona kwenye ramani.
"Hakina kazi," akasema. "Karatasi yako inatosha."
Akakipangusa kwa mkono wa koti
kabla hajakifunika kwa chokaa.

Jana tulimwaga ndoo kumi na moja.
Maji yalikuja mbio, yakaona wavu, yakaguna, yakashuka.
Ndani nililala kifudifudi, shavu juu ya zege:
kavu kama ulimi wa mfungaji,
ila kona ya kushoto, doa, upana wa sarafu.
"Jasho lako," akasema Gethin.
Labda. Nimelizungushia penseli. Kesho nitalitazama.

Nikampigia mama, nikamgeuzia kamera.
Akatazama muda mrefu, miwani ikishuka puani.
"Mlango hauna kizingiti! Mkosi utajikwaa wapi?"
"Kipo, mama. Kimelala."
Simu ikakatika, ikarudi.
"Basi msikikalie."

Nilikuwa nimekikalia.
Nikainuka.