Vifungo Kumi na Kimoja

Daftari la baba lilikuwa moja, la ngozi ya ndama,
likisomwa kutoka ncha mbili.
Ukilifungua mbele, wagonjwa:
mjane Pruitt, jipu, kalipa jibini.
Ezra mhunzi, jino, kalipa misumari arobaini.
Mke wa mchungaji, homa ya uzazi, hajalipa,
na pembeni, kwa wino uliopauka: asidaiwe.
Ukiligeuza kichwa chini, askari:
majina, bunduki, jozi za viatu,
nani katoroka wakati wa mavuno,
nani karudi mavuno yalipokwisha, macho chini.

Kapteni Barzillai Thurlock. Daktari Barzillai Thurlock.
Mkono uliompigia saluti mchana
usiku aliushika, akihesabu mapigo.

Mama aliitwa Thankful, yaani mwenye shukrani,
jina alilopewa kabla hajaulizwa.
Alizaa sita. Mapacha hawakungoja majina.
Tukabaki Submit, Lemuel, mimi Mehitabel,
na Asahel, kitinda mimba, mwenye kigugumizi,
aliyemwita baba Ka-ka-kapteni
hata mezani.

Mwaka ule mto Merrimack uliganda hadi magogo yakavutwa juu yake,
na ndui ikaja na barabara ya jeshi.
Kambini baba alichanja watu mia tatu na kumi:
tone la usaha, mchano wa kisu, kitambaa.
Walikufa wanne. Majina yao aliyajua kwa moyo.
Lakini mjini kwetu mkutano ulikuwa umepiga kura:
atakayechanja mtu ndani ya mipaka, faini.
Baba alikuwa ofisa. Aliapa.
Hakutugusa.

Februari akaja likizo, theluji magotini.
Mama alisimama mlangoni na fimbo ya kuchochea moto.
“Vua.”
Akaanza kuvua koti, la buluu, vifungo kumi na viwili vya shaba,
lakini Asahel alishapenya chini ya sketi ya mama,
alishamrukia, alishang'ang'ania kifua kile.
Mama akamvuta. Kitu kikakatika.
Koti likachomwa uani.
Baba akasimama na shati lake tu, akitetemeka,
huku akijaribu kutuchekesha.

Siku kumi na mbili Asahel alicheza.
Ya kumi na tatu akaomba maji.

Watu husema mganga hajigangi.
Uongo. Baba alijiganga usiku ule wa mazishi:
alituketisha jikoni mmoja mmoja, mikono wazi,
akatuchana bila kusema neno.
Asubuhi majirani walibisha mlango wa nyuma.
Hata diwani aliyeipendekeza ile sheria
alimleta mwanawe ndani ya gunia la shayiri.
Faini ikaja. Baba akailipa kwa saa yake.
Sijui kama ule ulikuwa ujasiri
au majuto yaliyovaa buti.

Jeshi lilimlipa noti za karatasi.
Mama alizibandika ukutani kuzuia upepo.

Alipokufa, nililifungua daftari.
Katikati, wagonjwa na askari wanapokutana
vichwa kwa miguu, palikuwa na ukurasa mmoja:
Asahel, miaka minne. Hajachanjwa. Sheria ilifuatwa.
Mstari wa mwisho umekatwa,
ukaandikwa upya,
ukakatwa.

Na kila Februari, mpaka mgongo ukamkatalia,
alitoka uani na chekeche,
akachekecha udongo pale moto ulipowaka.
Vifungo vilipatikana kumi na kimoja.
Ni shaba, alisema, shaba haipotei hivi hivi.
Mama alimtazama dirishani, akifuma soksi,
sindano zake hazikusita.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilishika mshumaa.
Nilimwona mama akikunja vidole vya Asahel,
kimoja, kingine, kingine,
juu ya kitu kilichong'aa,
kisha akavuta sanda.